Hotpoti Iliyorudi Imeoshwa

Katika miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu hakuwahi kuomba kuongezewa chakula nyumbani kwake. Alikuwa dereva wa lori la mizigo kwa miaka ishirini na sita. Kila aliporudi safari nilimwekea sahani mezani, akala mbiombio, akainua kiganja na kusema, "Tosha." Halafu akaanza kunihadithia. Kulikuwa na samaki wa mji wa kwanza njiani, waliokaangwa mpaka ngozi inalia mdomoni. Kulikuwa na supu ya mifupa ya mji wa pili. Na kulikuwa na maharage ya mji wa mwisho, pale malori yanapopimwa uzito, yaliyopikwa na mwanamke aliyeitwa Mama Dirishani. "Hayo mtu akila anasahau jina lake," alisema. Haya aliniambia mimi, niliyekaa mbele yake na maharage niliyoyachambua punje kwa punje.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya kumi nilianza kuondoa sahani kabla hajamaliza hadithi. Ilipofika mara ya mia nilikuwa najiuliza huyo Mama Dirishani ana umri gani, na anavaaje.

Sababu ya kujiuliza nilikuwa nayo. Kila alfajiri ya safari nilimpikia maharage ya kubeba, yeye akiwa ameshawasha lori nje na kunipigia honi kama mtu anayefukuzwa. Nilijaza hotpoti nyekundu, nikafunga mfuniko kwa kitambaa cha bluu nilichokishona mwenyewe, nikakimbia nayo getini. Na kila aliporudi, hotpoti ilirudi imeoshwa, inang'aa, kitambaa kimefuliwa. Sasa, mume wangu nyumbani hajui hata sabuni ya vyombo inakaa wapi. Basi ama chakula changu kilimwagwa na chombo kikasuuzwa kuficha ushahidi, ama kulikuwa na mkono wa mwanamke. Sikuuliza. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nimezoea kukaa na pini mdomoni.

Wenzake njiani walimwita Turubai. Hakuna dereva aliyekagua turubai la lori lake mara nyingi kama yeye. Akiwa anakula, aliinuka na tonge mkononi kwenda kuangalia kamba kama zimekaza. Hata nyumbani, lori likiwa limelala depo mtaa wa tatu, aliinuka katikati ya mlo akachungulia barabarani. Watoto wetu walikua wakidhani ndivyo baba wote wanavyokula.

Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kumsaliti na kampuni ikampumzisha. Nilidhani sasa atatulia. Wapi! Aliamka, akaenda getini, akarudi. Akaenda mpaka njia panda, akarudi. Alitengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa na kosa, ikaharibika. Na chakula ndiyo kabisa. Alionja, akatikisa kichwa, akasema, "Kuna kitu kimepungua." Ningemvumilia kama angesema tukiwa wawili. Lakini siku wakwe wa binti yetu walipokuja kututembelea, alisogeza sahani ya maharage mbele yao wote na kusema, "Wakwe, mngekula ya Mama Dirishani, haya msingeyagusa."

Wageni walipoondoka nikauweka mwiko juu ya meza, mbele yake.

"Mwiko huo hapo," nikamwambia. "Nitaushika tena siku nitakayokuwa nimekula vyakula vyako kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama kweli vinashinda changu, nitanyamaza na nitajifunza. Kama havishindi, utasema hivyo mbele ya watu, kama ulivyonisema mbele ya watu."

"Mke wangu, una hasira za haraka."

"Za miaka ishirini na sita ndizo za haraka?"

Wiki tatu tulikula mkate na ndizi. Binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja, akafungua sufuria moja baada ya nyingine, zote kavu, akaondoka. Kesho yake alileta tiketi za basi. Miji mitatu, siku tisa. "Nendeni mkale," alisema. "Na mrudi mkiwa mnapika, mimi sina nafasi ya kulaza wazazi wawili kwa njaa."

Ndiyo nikafunga cherehani kwa shuka, tukaenda kula likizo.

Mji wa kwanza tulifika saa nne asubuhi. Saa nne na nusu mume wangu alikuwa anauliza mabasi ya kwenda mji wa pili yanaondoka saa ngapi. "Tuna siku tatu hapa," nikamkumbusha. Akasema anajua, alikuwa anauliza tu. Tukaacha mkoba nyumba ya wageni, chumba chenye kitanda, feni na kioo kilichotundikwa juu sana kwa mtu wa urefu wangu, tukatoka kutafuta samaki.

Tulipita barabara ileile mara nne. Alikuwa anahesabu nguzo za umeme, akasimama mbele ya duka la magodoro.

"Ni hapa."

"Hapa ni magodoro."

"Najua ni magodoro, nina macho." Hilo la macho hatukulijadili. Akaingia akamuuliza muuza magodoro wamewapeleka wapi wakaanga samaki. Yule kijana akamjibu kwa adabu kwamba yeye amekuta magodoro. Mume wangu akabonyeza godoro moja kwa kidole, kwa chuki, kama ndilo lililowafukuza.

Siku zile tatu tulikula samaki sehemu saba. Sehemu moja wakavu kama soli. Sehemu moja wazuri sana, na mimi nikasema ni wazuri, nikalamba vidole. Yeye alikwishainuka kabla sijafika kwenye mkia. Kila mahali alichagua meza ya dirishani, akakaa akiangalia nje, akala kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ukingo wa meza. Nilidhani anatafuta upepo, mpaka nikagundua anaangalia palipoegeshwa magari. Dereva wa mizigo haupi mgongo mzigo wake. Miaka miwili hana mzigo, na bado anaulinda. Nikamwonea huruma, kisha nikakumbuka wakwe wa binti yetu na huruma ikakauka.

"Samaki wale wa zamani," nikamuuliza siku ya tatu, "uliwala kweli, au?"

"Nilionja."

"Ulionja mara ngapi?"

Akaangalia saa. Akasema basi la mchana ni zuri kuliko la kesho asubuhi. Ndivyo tulivyoondoka mapema, kitunguu cha kachumbari bado kiko kwenye meno yangu.

Mji wa pili ulikuwa wa milima na baridi, na mimi nilikuwa nimeanza kuchoka kula. Watu wanadhani likizo ya kula ni raha. Jaribuni kutembea mji mzima na tumbo limejaa, nyuma ya mwanamume anayekwenda kama amechelewa kushusha mzigo. Nilimwambia, mtembezi hula miguu yake, na yeye sasa ameanza kula na ya kwangu. Akapunguza mwendo hatua kumi, akasahau.

Mkahawa wa supu tuliukuta. Meza zilezile za mbao, alisema, na akazigonga kwa furaha. Mwenyewe wa zamani alikuwa amefariki, na sasa binti yake ndiye aliyesimama kwenye sufuria. Supu ilikuja moto, nzito, mifupa imeachia kila kitu ilichokuwa nacho. Nilikunywa bakuli zima, na baridi ikaniingia moyoni. Ilikuwa supu nzuri kweli. Nikaanza kujiandaa kwa maharage, na kunyamaza nitakakonyamaza maisha yangu yote.

Binti wa mkahawa alikuja kuchukua bakuli, akamtazama mume wangu kwa muda.

"Mzee, wewe si ndiye uliyekuwa unakuja na chakula chako?"

Mume wangu akainuka ghafla hata kiti kikaanguka. "Nikaangalie..." akasema, na hakuna alichokuwa nacho cha kuangalia. Akatoka nje akasimama kwenye mvua ya manyunyu, mikono mfukoni.

"Chakula gani?" nikamuuliza yule binti.

"Sijui, nilikuwa mdogo. Mama alikuwa anamsema sana. Anaagiza supu bakuli dogo, basi."

Jioni ile kwenye chumba nilimkazia macho, naye akapanga mkoba. Akaupangua, akaupanga tena. Nilikwishapata picha yangu. Chakula changu alikibeba kwa Mama Dirishani. Huko ndiko kilikokwenda, wakala wote wawili na kunicheka, kisha yule mwanamke akanioshea chombo changu kwa kunihurumia. Sikula kitu safari nzima ya kwenda mji wa tatu. Yeye alikula machungwa matano, akatazama kila lori lililotupita na kunitajia aina yake bila kuulizwa.

Mji wa tatu hata si mji wa kujivunia. Kuna mizani ya malori, foleni ndefu, na vibanda vya chakula vimepangana upande mmoja. Cha mwisho kina dirisha pana linalotazama barabara, ili dereva apewe chai bila kushuka. Ndani ya dirisha alisimama mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, umri wa mama yangu mdogo kama sio zaidi. Nilikuwa nimevaa gauni langu bora kwa ajili ya mwanamke huyu. Nilijiona mjinga.

"Turubai!" akapiga kelele. Kisha akanitazama mimi, juu mpaka chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na huyu ndiye mwenye hotpoti?"

"Ngoja nikaangalie mabasi ya kurudi," mume wangu akasema.

"Kaa chini, kaka." Alikaa. "Wifi, ingia. Mimi na wewe tuna kesi."

Akanivuta mpaka meza ya dirishani, akakaa mbele yangu, akaweka viganja mezani. Wateja sita au saba, madereva wote, wakaacha kutafuna.

"Miaka yote hii huyu kaka yangu anakuja hapa. Anakaa kiti hichohicho. Anaagiza chai. Chai tu, wifi! Anafungua hotpoti yake, ananiomba mimi nimpashie. Mimi, mwenye sufuria tatu za maharage jikoni! Halafu anakula mbele ya wateja wangu, na akimaliza anawatangazia: 'Ya hapa si mabaya, lakini nyinyi hamjala ya mke wangu.' Kila safari. Ameniharibia biashara miaka na miaka, na leo umekuja, nilitaka nikuone uso."

"Ni kweli kabisa," akasema dereva mmoja mwenye mvi. "Mimi nimewahi kuomba tonge. Alininyima."

Nilikuwa na maneno mengi, lakini lililotoka ni hili: "Na hotpoti nani alikuwa anaosha?"

"Mwenyewe. Pale bombani. Nilitaka msichana wangu amsaidie, akakataa. Alisema mfuniko ukipotea hana pa kurudi."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama nje, kwenye foleni ya malori, na masikio yamemwiva.

"Mgema akisifiwa..." akaanza.

"Usinitolee methali! Umenisifu kwa madereva, umenisifu kwa wapishi, njia nzima inajua ninavyopika isipokuwa mimi. Mimi nimekufanya nini?"

Nilikuwa nalia, na nataka ieleweke kwamba sikulia kwa furaha. Nililia kwa hasira. Miaka ishirini na sita nilikaa mezani nikishindana na sufuria za watu ambao nao walikuwa wanashindana na yangu.

"Nikiwa hapa nilikuwa nataka nyumbani," alisema polepole, bado anatazama nje. "Nikifika nyumbani, kesho yake natakiwa kuondoka tena. Mtu akikaa mezani kwake akasema hapa ndipo penye chakula kizuri, ataondokaje? Nilikuwa nasema kuna kizuri huko mbele. Nilikuwa najiambia mwenyewe. Ikawa mazoea."

"Na siku ya wakwe? Hapo ulikuwa unaondoka kwenda wapi?"

Akasema tu, "Lakini kweli kuna kitu kimepungua, mama watoto. Hilo sikudanganya."

Mama Dirishani akanisukumia sahani ya maharage yake. Nilikula, maana ndicho nilichokuja kufanya. Yalikuwa mazuri, nasema haki. Kitunguu laini, chumvi imekaa, mchuzi mzito. Yalikuwa sawasawa na ninayoyapika mimi nyumbani, hayana kosa lolote.

"Yako siyo haya," akasema akinitazama usoni. "Nilikuwa nachota kijiko wakati wa kupasha, Mungu anisamehe. Nimejaribu sana. Yako yana kama kaukali fulani, kama moshi kwa mbali. Unatia nini?"

Moshi! Nilitaka kumwambia maharage yangu hayajawahi kuwa na moshi. Lakini mdomo ulibaki wazi, kwa sababu honi ilipigwa nje, ya lori lililokuwa linasubiri chai, na mikono yangu ikashtuka chini ya meza kama ya mtu aliyeitwa.

Ni hiyo honi. Kila alfajiri ya safari, mimi nikiwa na kitunguu jikoni, yeye anapiga honi. Nilikuwa nauongeza moto kwa hasira, nakimbia kutafuta mfuniko, kitambaa, chupa ya maji, na nikirudi pembe za kitunguu zimeshakuwa nyeusi. Hakuna muda wa kuanza upya. Nilikuwa namwaga maharage juu yake, nafunika haraka, na njia nzima ya kwenda getini naona aibu, nikisema atakula hivyohivyo, ndiyo dawa ya haraka zake. Yaliyoungua alikwenda nayo. Yale ya kumpendeza, niliyoyapika kwa utulivu akiwa amerudi, ndiyo aliyoyainulia kiganja. Na tangu ameacha kazi hakuna aliyepiga honi nyumbani kwetu.

"Sitii kitu," nikamjibu Mama Dirishani. Nilisema ukweli, na pia nilikuwa mchoyo. Alikuwa ameshachota vijiko vya kutosha.

Siku tatu tulizopanga kukaa pale tulikaa zote, kwa sababu mimi nilikataa kuondoka. Kila mchana dereva mwenye mvi, aliyekuwa bado kwenye foleni ya mizani, alimwambia mume wangu mbele yangu, "Hebu tangaza tena, Turubai," naye akatangaza, sauti imemkauka, madereva wakapiga meza. Deni la maneno nilidhani limekwisha. Halikuwa limekwisha. Kutangazwa kwa madereva na kuambiwa wewe mwenyewe ni vitu viwili.

Asubuhi ya pili baada ya kurudi nyumbani, nilimsikia ametoka mapema. Akaenda getini, akarudi. Akaenda njia panda, akarudi. Akasimama mlango wa jikoni.

"Kwenye basi mtu mmoja aliniambia kuna mji wanachoma kuku..."

"Nenda kaangalie turubai," nikamwambia.

Akacheka kidogo, akatoka. Maharage nilikuwa nimeyachemsha jana yake. Nikashika mwiko, nikatia mafuta, nikatia vitunguu. Nikauongeza moto. Vilipogeuka rangi ya dhahabu mkono wangu ulitaka kukoroga wenyewe, ikabidi niuweke nyuma ya mgongo. Si rahisi kuharibu kitu unachokijua. Nilisimama namna hiyo, bila honi, bila mtu wa kunikimbiza, mpaka pembe zikaanza kuwa nyeusi na macho yakaniwasha. Nikamwaga maharage juu yake, nikafunika.

Sikuandaa meza. Nilijaza hotpoti nyekundu, nikafunga kitambaa cha bluu, nikampelekea getini.

"Nani anasafiri?" akauliza.

"Wewe. Kula."

Nikarudi ndani, nikafunua cherehani. Dirisha langu linaona geti na bomba la uani. Nilitia uzi kwenye sindano na sikushona hata mshono mmoja. Alikaa kwenye benchi akitazama barabara, akafungua kitambaa, akala tonge la kwanza, akaacha kutafuna. Nilidhani ataniita. Hakuniita. Aliinama akaendelea kula taratibu, na lori la mchanga lilipopita mbele yake, kubwa, linapiga kelele, hakuinua kichwa.

Alipomaliza alikwenda bombani. Akasuuza hotpoti, akasugua ndani kwa vidole kwa mzunguko, akaosha mfuniko, akafua kitambaa na kukikamua vizuri, kama mtu aliyezoea kazi. Sikuwahi kumwona akiifanya. Kisha akaja mpaka mlangoni kwangu, na mimi nikangoja kiganja.

Alisimama pale, hotpoti inadondosha maji sakafuni kwangu.

"Mke wangu," alisema, "yamebaki?"

"Sasa umeiosha ya nini?" nikamuuliza, nikaipokea hotpoti.